Tusinakili Uchakavu: Hotuba kwa Mafundi wa Malori, Nakuru

Haya ndiyo niliyosema mbele ya mafundi wa gereji, wakereza na wachomeleaji waliokusanyika Nakuru. Walioshindwa kufika waliomba hotuba nzima, nami naiweka hapa kama nilivyoitoa.

Wazee wetu, mafundi wenzangu, wenye malori mlioacha kazi zenu mkaja, na nyinyi vijana mliojipanga kule nyuma kando ya ukuta: hamjambo? Vijana, sogeeni mbele. Maneno ya leo ni yenu kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Nianze na swali. Kati yenu vijana, nani hajawahi kuletewa lori ambalo ni mkubwa wake kwa umri? Inua mkono. Naona hakuna. Bedford TJ ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1958. Mwaka 1986 General Motors, waliokuwa wenye Bedford, waliamua kuachana na biashara ya malori hayo kule kwao. Hesabuni wenyewe imepita miaka mingapi. Na bado ile pua ndefu utaikutia kwenye matope ya Kuresoi, imepakia viazi hadi juu ya mbao, tanboi, msaidizi wa dereva, kakaa juu ya magunia.

Kwa nini lori hilo lingali barabarani? Wengine husema ni umaskini tu. Mimi sikubali. Mkulima wa Molo haendeshi lori la zamani kwa sababu hajui kuna mapya. Anajua bei yake hadi shilingi ya mwisho. Analiendesha kwa sababu likiharibika, kuna mtu ndani ya kilomita chache anayeweza kulifungua, kulielewa na kulifunga tena. Mtu huyo ni wewe. Lori lile ndilo karo ya watoto, ndilo mbegu ya msimu ujao. Duka la spea likimwambia kipuri hiki hakiji tena, anakuja kwetu. Tunampa nini?

Hapo ndipo penye maneno yangu ya leo. Neno kubwa ni moja: tusinakili uchakavu. Nitalirudia mpaka mlichoke. Tusinakili uchakavu.

Mwenye lori mmoja kutoka upande wa Elburgon alikuja na pini ya springi pamoja na bushi yake, lile bomba fupi ambalo pini hukaa ndani yake. Mnaijua, ile pini inayoshika ncha ya springi kwenye chesisi. Akaniambia, "Fundi, nitengenezee kama hii hii. Usibadilishe chochote." Nikamuuliza hii aliitoa wapi. Akasema ameshatengenezewa na mafundi kadhaa, na kila mara msimu wa viazi hauishi kabla lori halijaanza kugonga tena likipita kwenye mashimo.

Nikaipima. Katikati ilisoma milimita 24.6. Bushi ilikuwa imepanuka upande mmoja, si duara tena. Mmeona kilichotokea? Fundi wa kwanza alipima pale katikati, palipoliwa, akakereza pini mpya ya kipimo kile. Pini ile nayo ikaliwa. Fundi wa pili akapima ya mwenzake, akaitengeneza vile vile ilivyokuwa imeliwa. Kila aliyefuata alipunguza kidogo, na kila mmoja aliapa kwamba amefuata sampuli. Walifuata sampuli kweli. Sampuli ndiyo iliyokuwa mgonjwa.

Fundi cherehani akiletewa shati lililoraruka kiwikoni, je, hushona jipya lenye tundu kiwikoni? Basi sisi tunafanyaje hivyo kwenye chuma?

Nikamwambia yule bwana alete lori lenyewe. Akalileta. Upande wa pili wa ekseli pini ya kiwandani ilikuwa bado ipo, haijaguswa na mtu. Tuliitoa kwa taabu, nyundo na mafuta ya taa, tukaisugua kwa brashi ya waya. Chini ya kichwa chake, pale ambapo bushi haifiki, palikuwa na mkanda mwembamba usiozidi upana wa ukucha wa kidole kidogo. Mkanda ule ulikuwa bado na mistari myembamba ya jiwe la kusagia la kiwandani. Nikaweka mikromita, kile kifaa cha kupima unene, pale. Ikasoma 25.4.

Milimita 25.4 ni nini? Semeni kwa sauti!

Ndiyo. Inchi moja kamili. Chuma chenyewe kimejitaja.

Vijana, shikeni hili. Kila kipande kilichochakaa kina mahali ambapo hakikuchakaa. Chini ya kichwa. Nyuma ya sili. Mwisho wa shafti, nje ya beringi. Ndani ya tundu ambalo bolti haikuwahi kucheza. Kazi yako ya kwanza ni kupatafuta hapo kabla hujawasha lethi, mashine ya kukerezea. Na ukishapata kipimo, jiulize lori lilizaliwa wapi. Lori la Mwingereza wa zamani lilichorwa kwa inchi, kwa hiyo 19.05 ni robo tatu ya inchi, na 31.75 ni inchi moja na robo. Ukipima sehemu iliyoliwa ukapata 31.4, usikereze 31.4! Hakuna mchoraji aliyewahi kuandika namba hiyo. Isuzu na Fuso zilichorwa kwa milimita, huko tafuta namba za milimita zilizo kamili.

Tulipojua pini ni inchi moja, kazi iliyobaki ilikuwa ya kawaida, lakini hata hapo pana mtego na lazima niuseme. Ukikereza bushi ya shaba nyeusi mpaka pini iingie vizuri mkononi, kisha ukaisukuma ndani ya jicho la springi kwa presi, bushi inabanwa. Tundu lake linapungua. Pini iliyoingia kwa raha juu ya meza sasa haiingii. Fundi mwenye haraka anaichukua nyundo. Fundi anayejua kazi yake aliacha tundu dogo tangu mwanzo, akasukuma bushi ndani, ndipo akapitisha rima, kikataji cha kupanua tundu kidogo kidogo. Rima inapita mwisho, bushi ikiwa tayari nyumbani kwake. Achia thau mbili hivi, yaani sehemu mbili za elfu za inchi, za grisi kupita, na tundu la grisi kwenye bushi lilingane na nipo, ile chuchu ya kuingizia grisi. Nimefungua bushi mpya kabisa, imekaukiana na pini, kwa sababu fundi aliipiga ndani huku tundu la grisi likitazama upande mwingine.

Uchakavu hunakiliwa hata kwenye kusubu, yaani kumwaga chuma kilichoyeyuka kwenye umbo la mchanga. Wale wenzetu wa tanuri wananielewa. Mteja analeta kifuniko cha maji cha injini kilicholiwa na kutu, na kijana anakizika moja kwa moja kwenye mchanga kama sampuli. Anamwaga aluminiamu. Kinatoka kimependeza, na matundu hayalingani na bolti za injini. Kwa nini? Kwa sababu chuma kikipoa kinasinyaa. Chuma cha kusubu husinyaa karibu asilimia 1, aluminiamu kupita hapo kidogo. Kipande cha sentimita 30 cha chuma cha kusubu kimekupokonya milimita 3 kabla hujakigusa kwa tupa. Ndiyo maana wazee walichonga sampuli ya mbao kubwa kuliko kipande chenyewe, wakaongeza na nyama, yaani unene wa ziada, ya kukereza juu yake. Ukitumia kile kilicholiwa kama sampuli, umenakili kutu na umenakili usinyaaji, yote kwa mpigo mmoja. Na nyinyi wa tanuri, mchanga ukiwa na maji mengi, tafadhali, msimwage. Maji yakikutana na chuma kilichoyeyuka yanageuka mvuke kwa ghafla na chuma kinaruka. Hakuna kifuniko chenye thamani ya jicho.

Nije kwenye nyuzi za bolti, nitapita haraka. Bolti ya nusu inchi ya Whitworth, nyuzi za zamani za Mwingereza, ina nyuzi 12 katika inchi. Nusu inchi ya UNC ina 13. Ukiziweka pamoja kwenye kiganja ni mapacha. Nati inaingia mizunguko miwili kisha inakaza, na kijana anavaa bomba refu kwenye spana, anavuta, na anaamini ameibana vizuri. Hajabana kitu. Amezikata nyuzi. Uingereza, Marekani na Kanada zilikubaliana nyuzi za pamoja, UNC ikiwemo, mwaka 1948, ndiyo sababu malori ya miaka ya 50 na 60 yanaweza kuwa na nyuzi za aina mbili kwenye gari moja, na yakishapita mikononi mwetu yana aina ya tatu, ya milimita. Geji ya nyuzi ni kitu cha kuingia mfukoni. Nunueni. Yule ambaye hana, asitie tapu, kikataji cha nyuzi, kwenye tundu la mtu.

Na gia? Gia za Mwingereza wa zamani zilihesabiwa kwa idadi ya meno katika kila inchi ya kipenyo. Gia ya meno 30, kumi kwa kila inchi, ina kipenyo cha kazi cha inchi 3, yaani milimita 76.2. Ukikata meno 30 kwa kikataji cha milimita cha moduli 2.5, yaani milimita 2.5 za kipenyo kwa kila jino, kwa sababu ndicho ulicho nacho na jicho halioni tofauti, unapata 75. Zaidi ya milimita moja imepotea. Tena gia nyingi za zamani pembe ya jino ilikuwa digrii 14 na nusu, na za leo ni 20. Itazunguka, ndiyo. Itapiga kelele pia, na itakula mwenzake. Mwambieni mteja ukweli: gia hii natuma kwa mwenye kikataji chake, subiri.

Sasa naomba utulivu, kwa sababu nakuja kwenye chuma chenyewe, na hapa ndipo mafundi wazuri hutofautiana na wengine.

Kuna binti mmoja aliyefanya uanagenzi kwetu. Siku moja alipewa kazi ya pini na mteja akaja na chuma chake mwenyewe, kipande cha nondo ya ujenzi. Mteja alisema, "Chuma ni chuma, dada. Kata tu." Yule binti hakubishana. Alichukua ile nondo akaigusisha kwenye jiwe la grinda. Cheche zikatoka ndefu, zimenyooka, za manjano, zinakatikia mbali bila matawi mengi. Kisha akachukua kipande cha hafu shafti ya zamani, ekseli ya kuzungusha gurudumu, kutoka kwenye rundo la skrapu, akakigusisha pale pale. Cheche zikapasuka karibu na jiwe, fupi, zenye matawi mengi. Akamgeukia yule mzee akasema, "Baba, tazama mwenyewe. Hivi viwili vinafanana?"

Mzee hakuwa na la kusema. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na nilijua siku ile kwamba huyu amekuwa fundi.

Cheche ni maabara ya bure. Chuma laini kina kaboni kidogo, cheche zake hazipasuki sana. Kaboni ikiongezeka, matawi yanaongezeka. Chuma cha kusubu hutoa cheche fupi za wekundu uliofifia. Nondo ni chuma kizuri mahali pake, ndani ya zege. Kwenye springi ya lori lililobeba magunia ya viazi kuteremka Mau, nondo ni udanganyifu.

Hafu shafti ya zamani ni mali, mafundi. Haizeeki kwenye skrapu. Lakini imetiwa ugumu kiwandani, lethi itakataa. Basi ichome mpaka iwe nyekundu, izike kwenye majivu makavu, ilale humo usiku mzima. Asubuhi inakatika vizuri. Kereza pini yako, acha nyama kidogo. Kisha irudishie ugumu. Na hapa msibahatishe rangi mchana wa jua, jua linadanganya macho. Fanyeni kazi hii kivulini, na mwe na sumaku kwenye waya. Chuma kikifika kama nyuzi 770 za Selsiasi sumaku inakataa kukishika. Kipashe kidogo zaidi ya hapo, kisha kizamishe kwenye mafuta, si maji. Maji yatakipasua. Kikitoka kwenye mafuta ni kigumu kama kioo na kitavunjika ukikigonga, kwa hiyo king'arishe, kipashe tena polepole, uangalie rangi zikitembea juu yake: manjano ya majani makavu kwanza, hudhurungi, zambarau, ndipo samawati. Samawati hiyo ni kama nyuzi 300. Kwa pini inayopigwa na mizigo, usikiache kwenye manjano. Kifikishe kwenye samawati.

Na bushi iwe laini kuliko pini, daima. Mnajua sababu? Kimoja lazima kiliwe. Basi kiliwe kile cha bei nafuu, kile kinachobadilishwa bila kulifungua lori zima. Fundi anayeweka bushi ya chuma kwenye pini ya chuma kwa sababu "itadumu" anamwandalia mteja wake gharama ya vyote viwili.

Wenzangu, nimesema tunavyoweza kuunda. Sasa niseme tusivyopaswa kuunda, na hapa sitapunguza sauti.

Nani hapa hajui ajali za Sachangwan? Nani hajui za Salgaa? Sisi watu wa Nakuru hatuhitaji kuelezwa. Ule mteremko kutoka Mau Summit ni mrefu, lori limejaa, na madereva wengine bado wanatia fri, yaani wanatoa gia, ili kuokoa dizeli, wakiyaachia breki kazi yote. Breki hizo zikipata moto, kila kosa la fundi linaonekana kwa mara moja.

Aliwahi kuja kwangu mwenye lori mmoja, tairodi, fito inayounganisha magurudumu ya usukani, imevunjika. Alitaka tuichomelee. "Fundi, weka bomba juu yake, chomelea pande zote, nina mzigo wa kesho." Nikakataa. Akaongeza pesa. Nikakataa. Akakasirika, akaniambia mimi ni fundi wa vitabu. Akaenda. Nilijua fika kwamba kuna mahali Nakuru hii hii atachomelewa, na hilo lilinisumbua kuliko pesa nilizokosa. Baada ya siku kadhaa alirudi na tairodi nzima aliyoitoa kwenye lori lililokatwa, tukaifunga pamoja.

Kwa nini nilikataa? Pembeni ya kila mshono wa kuchomelea kuna ukanda uliopata moto lakini haukuyeyuka. Kwenye chuma cha kaboni ya juu, ukanda ule ukipoa haraka unakuwa mgumu na mwepesi kuvunjika. Mshono unaweza kuwa mzuri wa kupigwa picha, na tairodi ikavunjika milimita chache kando yake. Vivyo hivyo springi. Vivyo hivyo hafu shafti. Vivyo hivyo kila kitu kinachoshika usukani.

Kwenye breki nina matatu zaidi. Msiendelee kukereza dramu kila inapoletwa. Dramu nyembamba haiwezi kubeba joto, inapasuka. Kuna kikomo cha kipenyo na wengi hukipiga chapa kwenye dramu yenyewe, kisomeni. Na mafuta ya injini yasiingie kwenye mfumo wa breki hata kama ndiyo yaliyopo karibu. Raba za breki zinavimba na kukwama. Halafu, vijana, bitana za breki za malori ya zamani nyingi zilikuwa na asbesto. Vumbi lile huingia kwenye mapafu na ugonjwa wake huja baada ya miaka mingi. Msilipulize kwa kompresa. Lowesheni kwa maji, futeni kwa kitambaa, tupeni kitambaa hicho kwenye mfuko uliofungwa.

La mwisho ni daftari.

Mzee aliyenifunza kukereza alikuwa na vipimo vya malori karibu yote ya Bonde la Ufa kichwani. Ungemtajia Bedford, Leyland, Austin, anakuambia pini, bushi, nyuzi, bila kushika venia ya kupimia. Alipofariki, tulizika vyote hivyo. Mjue kwamba tulianza upya, lori baada ya lori, kufukua namba ambazo mtu mmoja alizijua zote. Mwaka 1990 wahandisi wetu walionyesha gari la Nyayo Pioneer lililoundwa hapa nchini, na msingi wa kazi kama ile ni michoro. Sisi wa jua kali michoro yetu iko wapi? Iko kwenye kiganja, kwa kalamu, na jioni tunanawa.

Kwa hiyo ninapendekeza hivi. Kila fundi awe na daftari gumu. Kila kipuri unachounda, chora umbo lake, andika aina ya lori, kipimo ulichokipata mahali pasipochakaa na ulikipata wapi hasa, nyuzi za bolti, chuma ulichotumia, na tarehe. Lori likirudi, andika lilirudi baada ya muda gani na nini kiliisha kwanza. Na mtoze pesa ya kupima. Ndiyo, mtoze! Mteja akiona unapima upande wa kushoto na wa kulia, unaandika, unamwonyesha cheche, ataelewa analipia nini. Naomba pia karakana zetu ziwe na nakala moja ya pamoja, ambayo mwanagenzi yeyote anaweza kuifungua bila kumwomba mtu ruhusa. Najua wengine wanaogopa kunyang'anywa kazi. Kazi ipo ya kututosha sote. Malori hayaishi kuvunjika.

Nimeleta vitu na viko kwenye meza hii mbele. Kuna kingpini mbili, pini za kugeuzia magurudumu ya mbele, moja ya inchi na moja ya milimita, zote zimeliwa. Kuna mikromita, geji ya nyuzi, na vipande vitatu vya chuma visivyo na jina. Grinda iko pale mlangoni, na miwani ya kukinga macho iko kando yake. Vijana waje kwanza. Pimeni, tafuteni pasipochakaa, gusisheni kwenye jiwe, kisha andikeni jibu lenu kwenye karatasi kabla hamjaulizana. Wazee, tuwaache wapime wenyewe. Karibuni.